Joto Huingia Mchana, Hutoka Usiku: Namna ya Kuvusha Mifugo na Mazao Wakati wa Kiangazi

Ng'ombe anayeuawa na joto mara nyingi hafi saa nane mchana. Hufa jioni, au alfajiri ya siku ya tatu au ya nne ya jua la mfululizo, wakati mwenye ng'ombe amekwisha kushusha pumzi kwa kuwa jua limezama. Mwili wa ng'ombe hukusanya joto kutwa nzima, na kilele chake huchelewa nyuma ya kilele cha hewa kwa muda wa saa mbili hadi nne. Usiku wenye upepo humpa nafasi ya kulitoa. Usiku ukiwa wa fukuto, hewa isiposhuka chini ya nyuzi 23 hivi, anaamka na joto la jana mwilini na juu yake anabebeshwa la leo. Siku tatu za namna hiyo zinatisha kuliko siku moja iliyovunja rekodi.

Nimeanza na hilo kwa sababu linabadilisha karibu kila kitu kinachofuata: saa ya kulisha, saa ya kuogesha, saa ya kumwagilia, hata mahali pa kujenga banda. Wengi wetu tunapambana na kiangazi adhuhuri, kwa ndoo na kelele. Kazi yenyewe ni ya alfajiri na usiku, na nyingine yafaa iwe imekwisha mwezi mzima kabla jua halijakolea.

Kwanza, pima maji kwa ndoo na saa

Swali la kuwa una maji au huna halitoshi. Uliza yanatoka kwa kasi gani. Ng'ombe wa kilo 400 huweza kunywa lita 50 hadi 70 siku ya jua kali. Wa maziwa huzidi hapo, kwani kila lita inayotoka kwenye kiwele imetanguliwa na angalau lita 3 za maji ya kunywa. Mbuzi au kondoo mkubwa mwekee lita 5 hadi 10. Kuku 100 wa mayai, ambao siku ya kawaida hunywa lita 20 hadi 25, joto likipanda huweza kudai maradufu.

Sasa tuseme una ng'ombe 40. Kwa lita 60 kila mmoja, ni lita 2,400 kwa siku. Bomba linalomimina lita 5 kwa dakika litazitoa kwa saa nane tu, na kwa karatasi uko salama. Lakini ng'ombe hawaji birikani mmoja mmoja kwa foleni. Wakati wa joto nusu ya kundi hufika pamoja alasiri, na watu hao 20 (nawaita watu, mtanisamehe) wanataka lita 1,200 ndani ya saa moja. Bomba lako litakuwa limetoa lita 300. Wakubwa wenye pembe watakunywa, wataziba birika kwa miili yao, na mitamba itaondoka na kiu. Kesho yake utasema mtamba fulani anaumwa.

Kwa hiyo chukua ndoo ya lita 20, ifungulie bomba, hesabu dakika. Ikijaa kwa dakika nne, una lita 5 kwa dakika. Kama hazitoshi kwa saa ya msongamano, dawa ni tangi karibu na birika linalojazwa usiku: bomba hilo hilo dhaifu, likiachwa saa kumi za usiku, linakuwekea lita 3,000. Ongeza na birika la pili upande wa mbali wa zizi, ili ng'ombe mkorofi asiweze kulinda yote mawili.

Bomba jeusi lililolala juu ya ardhi linageuza maji kuwa chai, na ng'ombe hupunguza kunywa maji ya moto. Lifukie, au angalau lifunike kwa majani. Birika lenyewe liwe na kivuli, na lisuguliwe kila baada ya siku chache. Kipimo changu ni rahisi: kama wewe mwenyewe usingenawia uso maji yale, hayafai.

Kuhusu mabwawa na malambo, jifunze hesabu moja: milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Lambo la mita 20 kwa 20 linalopoteza milimita 7 kwa siku kwa mvuke linapoteza lita 2,800. Yaani jua linakunywa kuliko wale ng'ombe wako 40 wote. Ndiyo maana maji ya wazi hutumiwa kwanza, na ya tangi lililofunikwa huwekwa akiba; wengi hufanya kinyume. Ukichimba, chimba kina badala ya upana, na upande unaotoka upepo acha miti isimame.

Lambo linapopungua, kinachobaki kinaharibika. Chumvi haziendi na mvuke, hivyo maji yaliyokuwa mazuri mwanzo wa kiangazi huweza kuharisha mwishoni. Ukipata mtu wa kuyapima, chumvi jumla ikipita miligramu 5,000 kwa lita usiwape wenye mimba wala wanaonyonyesha, na ikipita 10,000 usimpe mnyama yeyote. Utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika juu ya maji yaliyotuama ni wa kuogopwa zaidi: aina fulani za mwani huo hutoa sumu inayoua ng'ombe kwa saa chache, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Zungushia uzio siku hiyo hiyo. Uzio una faida nyingine pia. Mnyama aliyedhoofu akizama kwenye tope la ukingoni hatoki, kwa hiyo ni afadhali kuvuta maji kwa bomba hadi kwenye birika nje ya lambo.

Pili, jifunze kuhesabu pumzi

Simama kando, tazama ubavu, hesabu mapigo ya pumzi kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili. Ng'ombe aliyetulia hupumua chini ya mara 40 kwa dakika. Akipita 60 joto limeanza kumsumbua. Akifika 90 na udenda ukimdondoka, acha kila ulichopanga kufanya naye. Zaidi ya 120, mdomo wazi, shingo imenyooshwa na ulimi nje, huyo yuko kwenye hatari ya kufa.

Kabla ya hapo kuna dalili za kimya. Kundi linasimama badala ya kulala, kwa sababu aliyesimama hupata upepo pande zote. Wanasongamana, kila mmoja akitafuta kivuli cha mwenzake. Wanaacha kucheua. Maziwa yanashuka.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kile cha alfajiri, kabla jua halijachomoza. Mchana kila ng'ombe anahema, na huwezi kujua nani anacheza na nani anazama. Alfajiri aliyepoa utamjua kwa pumzi zake za polepole. Anayehema mara 60 wakati umande bado uko kwenye nyasi hakulipa deni la jana, na leo ndiye wa kumtenga kwenye kivuli na maji.

Waangalie kwanza weusi, wanono, waliozaa karibuni, wanaotoa maziwa mengi, na waliowahi kuugua mapafu. Ng'ombe wenye nundu huvumilia zaidi kwa ngozi yao iliyolegea, manyoya mafupi na uwezo mkubwa wa kutoa jasho, ila kuvumilia hakumaanishi kutokufa. Nguruwe karibu hatoi jasho kabisa, kuku hana tezi za jasho hata moja, na sungura hutegemea masikio yake. Hawa watatu huzidiwa mapema kuliko ng'ombe, na huzidiwa bila kelele.

Tatu, pindua ratiba

Tumbo la ng'ombe ni tanuri. Majani yakichacha humo hutoa joto, na joto hilo hupanda saa chache baada ya kula. Ukimjazia hori saa mbili asubuhi, tanuri linawaka kabisa saa sita, jua nalo likiwa utosini. Umemwashia moto wa ndani kukutana na wa nje. Mpe sehemu ndogo alfajiri, kisha asilimia 60 hadi 70 ya chakula chake jioni jua likishatua, ili uchachushaji ufanyike usiku. Badilisha kidogo kidogo kwa wiki nzima; tumbo halipendi kushtukizwa.

Kishawishi cha wakati huu ni kuongeza pumba na nafaka kwa kuwa anakula kidogo. Kuwa mwangalifu. Ng'ombe anayehema na kudondosha udenda anapoteza mate, na mate ndiyo yenye magadi ya asili yanayotuliza asidi ya tumboni. Nafaka nyingi juu ya tumbo la namna hiyo zitamwangusha. Nyasi bora, laini, na jiwe la chumvi lisiloisha vina faida kuliko gunia la ziada.

Kazi zote za kuwagusa wanyama, yaani kuchanja, kukata pembe, kupima uzito na kupakia kwenye gari, ziishe kabla ya saa nne asubuhi. Kumsukasuka mnyama pekee huweza kupandisha joto la mwili kwa nusu nyuzi na zaidi. Wengi wakikosa asubuhi husema, basi tufanye jioni pakipoa. Hapo ndipo kosa lilipo: jioni hewa imepoa lakini ng'ombe hajapoa, yuko kileleni. Ukimkimbiza saa kumi na mbili jioni unamwongezea joto wakati ndio kwanza anataka kulitoa. Iliyokosekana asubuhi isubiri asubuhi nyingine.

Siku ya kuogesha, wanyweshe kwanza. Mnyama mwenye kiu akiingia joshoni atakunywa dawa.

Dume naye ana hesabu yake. Mbegu huchukua karibu miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo joto la leo huonekana kama majike yasiyoshika mimba wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu amekwisha kusahau jua. Kabla ya kumuuza dume kwa kosa la ugumba, kumbuka hali ya hewa ya miezi miwili iliyopita.

Kwa kuku, ondoa chakula muda wa saa tano au sita kabla ya joto kufika kileleni, na kirudishwe jioni. Punguza idadi kwenye banda, fungua pande zote, badilisha maji mara nyingi yawe ya baridi. Mayai yakianza kuwa na ganda laini, usikimbilie kuwa chakula hakina chokaa: kuku anayehema anapoteza hewa ya ukaa, na bila hiyo mwili unashindwa kujenga ganda hata chokaa iwepo.

Kivuli

Mti unashinda paa. Majani hutoa mvuke unaopoza hewa chini yake, jambo ambalo bati haliwezi. Kama huna mti, jenga paa la urefu wa mita 3.5 hadi 4, pande zote wazi, na kila ng'ombe mkubwa apate mita za mraba 3 hadi 5. Mbuzi na kondoo inawatosha mita 1 hivi. Banda la bati lililo chini sana, lenye kuta, ni oveni. Ukiwa nalo tayari, paka bati rangi nyeupe juu, tandika nyasi nene chini yake, na vunja kuta bila huruma.

Paa lililolala mashariki hadi magharibi hutunza ubaridi chini yake siku nzima. La kaskazini hadi kusini huacha jua lipite na kukausha sakafu. Penye tope na mkojo mwingi nachagua la pili. Birika, likiwa na kivuli chake lenyewe, liwe karibu na paa hili, lisiwe chini yake, vinginevyo utafuga matope.

Nne, hesabu majani, kisha amua nani abaki

Hapa ndipo wafugaji wengi wanapojidanganya, nikiwemo. Tunatazama lundo la hei, yaani nyasi zilizokaushwa, na kusema litatosha. Lipime.

Ng'ombe hula chakula kikavu kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 300 anahitaji kilo 7.5. Hei ina unyevu kidogo, kwa hiyo ni kama kilo 8.5 za hei yenyewe. Kwa siku 90 ni kilo 765. Robota lako, yaani furushi la hei lililofungwa, likiwa na kilo 15, hayo ni marobota 51 kwa ng'ombe mmoja, kabla hujahesabu yanayokanyagwa, yanayooza na yanayoliwa na mchwa. Zidisha kwa idadi ya kundi. Kisha hesabu marobota uliyonayo, na uandike tarehe yatakapoisha.

Tarehe hiyo ndiyo inayoamua. Ikija kabla ya mvua kutarajiwa, wapo wanyama wa kuondoka, na waondoke sasa, wangali na nyama mgongoni. Ukisubiri, kila mtu atauza wiki hiyo hiyo, waliokonda kama wako. Waanze kuondoka majike yaliyokosa mimba, wazee wenye meno yaliyokwisha, maksai walio tayari, kisha madume ya ziada. Wa mwisho kabisa ni mitamba mizuri na majike machanga yenye mimba, kwani kundi la kesho liko matumboni mwao. Najua inauma kumuuza ng'ombe mwenye jina. Inauma zaidi kumchuna.

Wanaobaki wanaweza kupunguziwa mzigo. Ndama wa miezi minne, akiachishwa kunyonya mapema na kupewa chakula kizuri cha pembeni, humpunguzia mama yake mahitaji mengi. Chakula hicho huzaa zaidi kikienda moja kwa moja kwa ndama kuliko kupitia kiweleni. Malishoni, usiache nyasi ziliwe hadi ardhini. Jani likiondolewa zaidi ya nusu, mizizi husimama kukua, na nyasi zisizo na mizizi hazitaipokea mvua ikija. Acha kimo cha sentimita 10, hamisha kundi. Sehemu moja ya malisho ikibidi kutolewa sadaka, itoe hiyo moja, lishia humo hei, na zilizobaki zipone.

Mabua na majani makavu ya nafaka yanaweza kuboreshwa kwa urea ya mbolea. Kwa kila kilo 100 za majani makavu, yeyusha kilo 4 za urea katika lita 50 za maji, nyunyiza tabaka kwa tabaka ukishindilia, funika kwa turubai hewa isiingie, kaa wiki tatu. Ukifungua, yaache yapungwe na hewa hadi harufu kali ipungue, ndipo ulishe, ukianza kidogo. Hii ni kwa wanaocheua waliokomaa tu, kamwe si ndama wadogo, farasi, punda wala nguruwe. Ndoo ya maji ya urea usiiache hata dakika moja mahali ng'ombe anaweza kufika: akinywa atakufa.

Kiangazi kikipita miezi mitatu au minne bila jani bichi, akiba ya vitamini A iliyo kwenye ini huisha. Ndama wanaozaliwa dhaifu au vipofu ni ishara. Sindano au mchanganyiko wa madini wenye vitamini hiyo haugharimu kama ndama.

Tano, shambani

Zao lililokomaa kwenye jua kali na upepo mkavu hunywa milimita 6 hadi 8 kwa siku. Kwa bustani ya mita za mraba 1,000 hizo ni lita 6,000 hadi 8,000 kila siku. Ukiona huna, usigawe kiu sawasawa. Ni heri kunywesha nusu ya shamba inavyotakiwa na kuiacha nusu nyingine, kuliko kuvuna mabua kwenye yote. Anza na zao lililo kwenye umri hatari: mahindi, kwa mfano, hustahimili kiu yakiwa madogo, lakini wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kutoa ndevu kila siku ya kiu inapunguza punje.

Mmea nao upimwe alfajiri, kama ng'ombe. Majani kujikunja saa saba mchana ni kujikinga tu, hata udongo ukiwa na maji. Yakiwa bado yamenyauka kabla jua halijachomoza, ndipo pana kiu ya kweli. Chimba kwa kidole au kijiti hadi sentimita 15. Udongo wa hapo ukifinyangika mkononi, subiri.

Mwagilia jioni au alfajiri, maji mengi kwa vipindi vya mbali, ili yazame na kuivuta mizizi chini. Kidogo kidogo kila siku huifundisha mizizi kukaa juu, mahali pa kuungua. Umwagiliaji wa matone, hata wa chupa zilizotobolewa kando ya shina, hushinda mpira wa kurusha maji hewani. Nyanya zikipata maji mengi leo na kukaa siku tano bila, zitaoza kitakoni. Shida ni kupishana huko, wala hakuna dawa ya kupuliza itakayoziponya. Zikidondosha maua hewa ikipita nyuzi 32 mchana na usiku usipoe, hilo halina lawama yako.

Matandazo ya majani makavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiyogusa shina, ndiyo kivuli cha udongo. Ugomvi ni kwamba majani hayo hayo ng'ombe anayataka. Kwangu mimi yanayoliwa huenda horini na yasiyolika, kama maranda, magugu yasiyo na mbegu na majani magumu ya miti, huenda shambani. Palilia juu juu. Jembe la kina hufungua udongo mbichi upepo uukaushe. Mbolea ya chumvichumvi usiiweke kwenye udongo mkavu. Usipulizie salfa hewa ikizidi nyuzi 32, itaunguza majani. Geuza majani utazame chini yake, kwani utitiri mwekundu hupenda joto na vumbi.

Kwenye ardhi ngumu iliyokwisha kukata tamaa, chimba mashimo kabla ya mvua: upana wa sentimita 20 hadi 40, kina cha 10 hadi 20, samadi mikono miwili kila shimo, na udongo uliotoka uupange upande wa chini wa mteremko. Mchwa watavutwa na samadi na kutoboa njia za maji bure. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso, ndiye aliyefufua na kuboresha mashimo haya, yaitwayo zai, kuanzia miaka ya 1980, na ardhi iliyokuwa jangwa ikaota msitu.

Mnyama akizidiwa

Kama anaweza kutembea, msogeze taratibu kwenye kivuli kilicho karibu. Kama hawezi, mletee kivuli: turubai na fito nne. Pima joto kwa kipimajoto njia ya haja kubwa. Ng'ombe mzima yuko kati ya 38 na 39.3. Zaidi ya 40 ni tatizo, na kwenye 41 kila dakika ina bei.

Mwagie maji mengi, ukianzia miguuni na kupanda, hadi ngozi yenyewe ilowe. Ukungu mwepesi wa kunyunyiza hubaki kwenye ncha za manyoya na kumvisha koti la unyevu. Kisha mpepee, acha maji yakauke, rudia. Bila upepo, kumwagia ni nusu ya kazi. Nguruwe aliyezidiwa usimmwagie ghafla maji ya baridi sana, atapata mshtuko. Lowesha sakafu kwanza, kisha mwili polepole. Mpe maji ya kunywa mbele yake, usimnyweshe kwa chupa kwa nguvu kwani yataingia mapafuni. Wakati huo huo mwite daktari wa mifugo.

Moto na watu

Barabara za kuzuia moto zifyekwe na kulimwa kabla nyasi hazijakauka, kwa sababu baadaye kisu cha mashine kikigonga jiwe ndicho kitakachowasha. Usiegeshe gari lenye ekzosi ya moto kwenye majani makavu. Hei iliyofungwa ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 20 huchacha na huweza kujiwasha yenyewe ghalani. Ingiza mkono katikati ya lundo wiki za mwanzo, na ukishindwa kuvumilia joto, usianze kulivunja peke yako bila maji mengi na watu wa kusaidia, maana hewa ikiingia hulipuka kuwa moto. Weka malundo mawili mbali mbali badala ya moja kubwa.

Mfanyakazi mgeni hufa kwa joto upesi kuliko mwenyeji, kwani mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Mpe kazi fupi siku za kwanza, na kikombe cha maji kila dakika 20, asisubiri kiu. Mtu anayeanza kuongea ovyo, kuyumba, au ngozi yake kuwa ya moto sana, hapelekwi kupumzika tu: mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, mumpeleke hospitali. Aliyepoteza fahamu msimnyweshe chochote.

Mvua ya kwanza

Watu hushangilia, wanyama hufa. Mtama uliodumaa kwa ukame, ukichipua maotea baada ya mvua, hujaa sumu ya sianidi, hasa ukiwa mfupi. Mahindi na mtama vilivyokosa maji hulimbikiza sumu nyingine, nitrati, sehemu ya chini ya bua, na siku chache baada ya mvua hupanda zaidi. Mnyama huanguka, anahema, anatetemeka, na damu inasema ni sumu ipi: nyekundu ya kung'aa ni sianidi, kahawia kama kakao ni nitrati. Kukausha huondoa sehemu kubwa ya sianidi, lakini nitrati hubaki ndani ya hei mwaka mzima. Sileji, yaani majani mabichi yaliyoshindiliwa na kuchachushwa bila hewa, huipunguza, kwa hiyo mazao yaliyoharibika kwa ukame ni bora yasindikwe hivyo, yakikatwa juu kidogo ya ardhi.

Kabla ya kuwaachia kwenye majani mapya, washibishe hei. Mahindi yasubiri wiki moja hadi siku kumi baada ya mvua. Lango la shamba la mtama lifungwe kwa kamba ambayo mtoto hawezi kuifungua, hadi maotea yapite sentimita 60, juu kabisa ya goti la mtu mzima.